Kuvuta Kibanda cha Uvuvi wa Barafuni kwa Pikipiki ya Theluji

Kibanda cha kuhamishika cha wavuvi wa barafuni ni hema lililoshikizwa kwenye sleji. Chini ni beseni pana la plastiki nzito lenye kuta fupi. Juu yake kuna kiti kimoja au viwili, mirija ya alumini au chuma, na turubai nene lililokunjwa kwa nyuma. Mvuvi akifika anapotaka huinua mirija, turubai likamfunika yeye pamoja na matundu aliyoyatoboa mbele ya miguu yake, na kabla dakika mbili hazijaisha amekwisha kukingwa na upepo. Umbo hili lilienezwa na Dave Genz, mvuvi wa Minnesota, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kuunda vibanda vilivyopewa jina la Fish Trap. Hoja yake ilikuwa kwamba anayehamahama hupata samaki zaidi ya anayekaa kungoja kwenye tundu moja. Kibanda cha namna hii basi kimezaliwa kuvutwa, na kinachokiua mapema ni safari.

Aina ya pili haina sleji yake. Ni hema lenye mbavu za nyuzi za kioo zinazosukumwa kutoka ndani hadi kuta zikakaza, na likikunjwa huingia kwenye mfuko mrefu. Huwa pana na jepesi, lakini lazima lipakiwe kwenye sleji ya mizigo. Mengi yanayofuata yanahusu aina zote mbili, isipokuwa kwamba mfuko wa hema hili huwekwa juu ya mizigo mingine, kamwe si chini, kwa sababu mbavu zake huvunjika zikikandamizwa huku zikitikiswa.

Maziwa yanayovuliwa hivi ni makubwa: Mille Lacs na Red Lake huko Minnesota, Winnebago huko Wisconsin, Simcoe huko Ontario, Lake of the Woods iliyo kati ya Marekani na Kanada. Samaki wanaotafutwa, hasa walleye, mara nyingi huwa kilomita kadhaa kutoka ufukweni, na kutembea umbali huo huku sleji ikiburutwa kwa mkono katika nyuzi ishirini chini ya sifuri si jambo la kutamani. Pikipiki ya theluji inaumaliza kwa dakika chache. Kwa upande wa nguvu, mashine hiyo haioni shida yoyote: kibanda cha watu wawili pamoja na vifaa vyake mara nyingi hufikia kilo mia moja hivi, na injini huburuta zaidi ya hapo. Shida iko katika kusimama, kugeuka na kustahimili mtikisiko, na karibu kila ushauri unaofaa kuhusu kazi hii unatokana na hayo matatu.

Chuma cha kuvutia

Kosa linaloharibu vibanda vingi ni kamba. Sleji mpya huja na kamba puani, na kamba hiyo ni ya mtu anayevuta kwa mkono. Ikifungwa kwenye pikipiki huvuta vizuri mpaka dereva aachie mafuta. Mkanda wa mpira wa pikipiki umeng'ang'ania theluji, kwa hiyo mashine hupunguza mwendo papo hapo. Sleji haina breki, na plastiki juu ya barafu karibu haina msuguano. Inakuja na uzito wake wote na kuigonga pikipiki kwa nyuma, au inapita kando, inaipita mashine, kisha inaivuta kiubavu. Kamba iliyolegea nayo huingia chini ya mkanda na kuzungushwa humo pamoja na chochote kilichofungwa nayo.

Kinachotakiwa ni chuma kisichopinda. Kilicho bora kina mikono miwili: kila mmoja umeshikwa kwenye pembe moja ya pua ya sleji, na yote hukutana mbele kwenye ndoano ya pikipiki. Mkono mmoja wa katikati huzuia kugongwa lakini hauzuii sleji kuyumba mkia. Urefu uwe wa kutosha ili katika kona kali pua ya sleji isiguse mkanda wala kizuia-theluji kinachoning'inia nyuma ya mashine. Mita moja na kitu hutosha kwa vibanda vingi. Mahali pa kuungana pawe na uhuru wa kucheza juu na chini, maana pikipiki ikipanda tuta la theluji sleji bado iko bondeni, na chuma kisichoweza kukunjika hapo hung'oa kimojawapo. Minnesota, sheria yenyewe hairuhusu pikipiki ya theluji kuvuta mtu au kitu kwenye barabara ya umma ila kwa chuma kigumu kilichofungwa nyuma ya mashine, na wengi hulazimika kupita barabarani kidogo kabla ya kufika ziwani.

Bolti zinastahili uangalifu kuliko chuma chenyewe. Plastiki ya sleji haivunjiki ovyo, lakini nguvu yote ya kuvuta ikiwa juu ya tundu dogo, tundu hupanuka, kisha ufa huanzia hapo. Kwa ndani ya sleji huwekwa bamba la chuma au washa pana nyuma ya kila bolti, na nati ziwe zile za kujikaza zenyewe, kwa sababu mtikisiko wa barafuni hufungua nati ya kawaida katika safari moja. Pini ya ndoanoni nayo ijae tundu lake. Pini nyembamba hugongagonga kila mafuta yanapoongezwa na kupunguzwa, na kila mgongano huo unafika kwenye zile bolti. Kibanio cha pini kikidondoka pini hufuata, kwa hiyo mvuvi mzoefu hubeba pini ya akiba mfukoni, wala si ndani ya kibanda, ambacho saa hiyo kinaweza kuwa kimebaki nyuma.

Wasiotaka kununua chuma hupitisha kamba mbili ndani ya mabomba ya plastiki ya maji, zikikutana mbele. Kamba huvuta, bomba huzuia sleji isisogee mbele. Kifaa hiki hufanya kazi kwa mzigo mwepesi na mwendo wa polepole, lakini bomba la maji hukakamaa kwenye baridi kali na kupasuka likipigwa, nalo hupigwa kila siku.

Chini ya sleji

Plastiki laini juu ya barafu tupu huteleza kiubavu kwa urahisi uleule inaotelezea mbele. Zaidi ya hapo, barafu iliyokwaruzwa na upepo, changarawe za maegesho na lami ya kivukoni hula kitako cha sleji hadi kinatoboka. Dawa ya mambo yote mawili ni vipande virefu vya plastiki ngumu sana vinavyofungwa kwa urefu chini ya sleji, juu ya migongo iliyokwisha kufinyangwa hapo. Vinaweza kuchakaa na kubadilishwa huku sleji ikibaki nzima, na kingo zake hufanya kazi ambayo mkuku hufanya chini ya jahazi: huishika njia wakati upepo unasukuma kutoka ubavuni. Vichwa vya skrubu vizamishwe ndani ya plastiki. Skrubu iliyochomoza hukwaruza barafu, hukusanya theluji, na mwishowe hukatika kichwa.

Pikipiki inayofaa

Pikipiki ya theluji ya leo ilianza kama chombo cha kazi. Mojawapo ya mashine ndogo za awali za Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, ambazo zilikuja kuitwa Ski-Doo mwaka 1959, ilipelekwa kwa mmisionari wa Lansdowne House, kaskazini mwa Ontario, aliyehitaji kuwafikia waumini wake wakati wa baridi. Mashindano na starehe vilikuja baadaye, na kwa kazi ya kuvuta mashine za starehe si chaguo la kwanza. Zile za kazi zina mkanda mpana wa inchi 20 au 24, badala ya 15 wa kawaida, na gia ya chini pamoja na ya kurudi nyuma. Gia ya chini ina maana kubwa kuliko nguvu za injini. Mashine ya mwendo kasi inayolazimishwa kuanza polepole na mzigo mzito huunguza mkanda unaounganisha injini na gia, na harufu ya mpira unaoungua hutangulia kusimama kwa safari.

Kuna kasoro moja ambayo huwashangaza wanaoanza: ziwani, kwenye baridi kali, injini huchemka. Pikipiki nyingi hupoza maji ya injini kwa theluji inayorushwa na mkanda hadi chini ya kiti, ambako kuna mabomba ya kupozea. Theluji hiyohiyo hulainisha reli za plastiki ambazo mkanda huzunguka juu yake. Upepo ukiwa umefagia ziwa na kuacha kioo cha barafu, hakuna theluji ya kurushwa: joto hupanda, reli huanza kuyeyuka na kung'ang'ania mkanda, na mzigo ulio nyuma huharakisha yote mawili. Wavuvi hufunga vyuma vyembamba vya springi vinavyokwaruza barafu mbele ya mkanda na kuurushia unga wa barafu. Asiyekuwa navyo hupita makusudi kwenye kila baka la theluji analoliona, au husimama mara kwa mara ili mashine ipoe. Mashine inayopozwa kwa feni haina tatizo la maji, ila reli zake nazo huhitaji theluji. Kwenye barafu ya namna hiyo mkanda usio na misumari ya chuma huzunguka bure, na skii zisizo na vyuma vikali chini yake hazigeuki.

Kupakia

Vitu vizito ni vichache: keekee ya kutobolea barafu, betri ya sonari, mtungi wa gesi, na baadaye, kwa kudra, samaki. Vyote hulazwa chini kabisa, katikati ya sleji au nyuma kidogo tu ya katikati. Uzito ukiwa puani, sleji huchimba theluji laini na kujijaza. Ukiwa mkiani kabisa, mkia huyumba. Keekee huvikwa ala kwenye makali yake, kwani huko njiani hukata turubai kwa siri na mvuvi huja kuligundua tundu wakati upepo umeshaingia. Kila kitu hufungwa kwa mikanda. Kopo lisilofungwa, likirushwa juu na chini kwa kilomita tano, hutoboa plastiki.

Petroli ya akiba hupanda kwenye kibebeo cha pikipiki. Ndani ya kibanda mvuke wake hubaki katika turubai, na hita ya gesi itawashwa humohumo. Valvu ya mtungi hufungwa kabla ya kuondoka, na hita haiwekwi kwenye sleji mpaka ipoe.

Juu ya yote hufungwa kifuniko cha safari, nacho si pambo. Mkanda wa pikipiki hurusha nyuma unga mwembamba wa theluji ambao hupenya kila mkunjo. Hita ikiwashwa unga huo huyeyuka, turubai na viti hulowa. Jioni turubai lililolowa likikunjwa huganda, na kesho yake likifunguliwa kwa nguvu huchanika kwenye mikunjo. Kifuniko kizuri hushikwa kwa mpira wa kunyumbulika pande zote na hakiachi mfuko wowote wa kukamata upepo.

Barafu kwanza

Hakuna chuma wala kifuniko chenye maana kama barafu haijapimwa. Idara ya Maliasili ya Minnesota hutoa vipimo vinavyofuatwa na wengi: inchi 4, yaani sentimita 10, kwa mtu anayetembea, inchi 5 hadi 7, yaani sentimita 13 hadi 18, kwa pikipiki ya theluji. Vipimo hivyo ni vya barafu mpya iliyo angavu. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa na kuganda, ina karibu nusu ya nguvu, hivyo unene unaotakiwa huongezwa maradufu. Idara hiyohiyo husisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kikamilifu, na hushauri kupima angalau kila futi 150, kama mita 45. Mwanzo wa msimu upimaji hufanywa kwa miguu, kwa mtaimbo unaopigwa mbele ya kila hatua, na pikipiki huja siku nyingine.

Kibanda kinachoburutwa huongeza uzito, lakini hueneza uzito wake mahali pake, kwa hiyo hatari haijumlishwi kwa hesabu rahisi. Anayevuta hufanya vyema kuchukua kipimo cha juu cha pikipiki na kuzidisha kidogo. Jambo lisilofikiriwa sana ni kwamba barafu inayobeba mzigo unaopita inaweza kulemewa na mzigo uleule ukikaa saa nyingi mahali pamoja. Pikipiki huegeshwa mbali na kibanda, na vibanda vya marafiki havirundikwi mahali pamoja kwa ajili ya mazungumzo.

Milango ya mito, chini ya madaraja, penye chemchemi, kwenye matete, na karibu na gati zenye mashine za kupuliza hewa majini, barafu huwa nyembamba hata katikati ya Januari. Mvuvi huvaa suti inayoelea, au jaketi la kuokolea, na huning'iniza shingoni vijisu viwili vya kujishikia kwenye barafu. Visiwekwe kwenye sleji: mtu anayezama hawezi kwenda kuvitafuta huko.

Njiani

Mwanzo wa mwendo hutiliwa mafuta polepole hadi chuma kikaze, kisha zaidi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, kilomita 25 kwa saa ni mwendo wa kutosha; kwenye barafu yenye mawimbi yaliyoganda hata 15 ni nyingi. Mirija ya kibanda huchoka kwenye viungio kwa kila mrusho, na hakuna samaki aliyewahi kukimbia kwa sababu mvuvi alichelewa dakika kumi. Kona huzungushwa kwa upana. Kusimama huanza mapema, mafuta yakipunguzwa na breki ikiguswa tu, kwa kuwa sleji iliyo nyuma ya chuma kigumu haigongi lakini bado inasukuma, na mashine inayosukumwa ikiwa imepinda hukunjamana na mzigo wake. Usiku sleji huziba taa ya nyuma ya pikipiki, hivyo mgongo wake hubandikwa viakisi mwanga.

Uji wa barafu ndio mtego mkuu wa maziwa haya. Theluji nyingi ikianguka, uzito wake huikandamiza barafu hadi chini ya usawa wa maji; maji hupanda kupitia nyufa na matundu ya wavuvi, kisha theluji hiyohiyo huyafunika yasigande. Juu huonekana ni theluji tu. Pikipiki ikiingia, dereva huhisi mashine inazama na kuvutwa nyuma. Akisimama hapo amekwama. Huongeza mafuta kwa kiasi, hushika mwelekeo ulionyooka, na hasimami mpaka afike kwenye theluji kavu. Akikwama, kibanda hufunguliwa kwanza. Pikipiki ikitoka peke yake, alama zake huachwa zigande, usiku kucha ikiwezekana, na njia ile huwa ngumu ya kupitisha mzigo. Baada ya uji, sleji hulazwa ubavu na kitako chake kikakwanguliwa, maana kile kilichogandia chini hugeuka breki. Mkanda wa pikipiki pia husafishwa kabla haujaganda mzima.

Matuta ya barafu, ambayo huinuka pale mabamba mawili makubwa yanaposukumana, huvukwa mahali palipowekewa alama au daraja la muda, kwa kuyakabili moja kwa moja. Kando ya tuta mara nyingi kuna maji wazi yaliyofunikwa na theluji, na tuta lililopitika asubuhi linaweza kuwa limefunguka jioni. Pasipo na alama, mvuvi hushuka na mtaimbo.

Kutua na kuondoka

Kibanda husimamishwa mgongo ukielekea upepo, na huzuiwa kwa nanga za skrubu zinazokazwa kwenye barafu. Hema pana lisilo na sleji hufungwa nanga kabla ya kufunguliwa lote, la sivyo upepo huondoka nalo. Matundu ya hewa hubaki wazi hita ikiwaka, kwa ajili ya hewa ya sumu isiyo na harufu. Theluji hurundikwa kwenye pindo kuzuia upepo, lakini si iliyolowa, maana huganda na kulishika turubai.

Kitako cha sleji nacho huganda. Joto la ndani huyeyusha kidogo, maji ya matundu humwagika, na baada ya saa tatu plastiki imekuwa kitu kimoja na ziwa. Vipande viwili vya mbao vikiwekwa chini tangu mwanzo huzuia hilo. Vikisahauliwa, sleji hutikiswa kutoka upande mmoja na pindo likagongwa kwa ubapa wa koleo hadi liachie. Kuing'oa kwa nguvu za pikipiki ni njia ya haraka ya kubaki na chuma mkononi na pua ya sleji ikiwa imepasuka.

Nyumbani turubai hufunguliwa lote na kukaushwa ndani ya nyumba au gereji, hata kama safari nyingine ni kesho. Bolti za chuma cha kuvutia hukazwa, vipande vya chini hutazamwa kama vimebakiza unene, na pini hupakwa grisi. Msimu ukiisha kibanda hutundikwa juu, mbali na sakafu, kwa sababu panya hupenda sana turubai zilizotiwa sufi bandia, na tundu la panya halionekani mpaka Desemba.